Aliyefunga Hupanda

Pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni, laini kama mguu uliokanyaga tope. Kishindo akamwambia mumewe kwamba hawana breki. Mumewe, aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni, akajibu neno moja tu.

"Najua."

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, na barua zenu zimenifikia. Mmoja anasema nimemkosesha usingizi. Mwingine anauliza ninakaa mtaa gani, na sidhani anataka kuniletea zawadi. Tulieni. Gari bado linakimbia.

Na wewe uliyewashia jiko gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nisikilize upesi. Kishindo ni dereva wa majaribio katika kiwanda kinachounda magari yenye nguvu, yale ambayo ukiyawasha hata kikombe mezani kinacheza. Mumewe, ambaye kiwanda kizima kinamwita Fundi, ndiye mfungaji wa breki. Kiwandani hapo ipo sheria isiyoandikwa popote ila haivunjwi: aliyefunga hupanda. Fundi aliyefunga breki za gari jipya hukaa kiti cha pembeni siku linapojaribiwa, ili kama alisinzia kazini akaamkie huko huko. Sheria hiyo ilianzishwa na baba yake Fundi mwenyewe, mzee mstaafu wanayemwita Babu Breki. Siku hiyo Babu Breki alikuwa mgeni wa heshima, amekaa jukwaani karibu na geti, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

Basi. Turudi garini.

Mbele lami ilikuwa inaisha. Barabara ya majaribio inazunguka nyuma ya kiwanda. Ukitoka getini unakutana na kona ya kwanza, pana, isiyo na ubishi. Unazunguka mpaka kona ya pili, na baada ya hapo ndipo unapofunguliwa mnyororo: kipande kirefu kilichonyooka, kimetengenezwa kwa ajili ya mbio tu. Mwisho wa kipande hicho pana kona kali, na nje ya kona wamemwaga kokoto za kuwapokea wasiojaliwa. Nyuma ya kokoto ni ukuta.

Kishindo alipiga pedali tena, na tena. Hapakuwa na kitu. Akashuka gia, injini ikapandisha hasira. Akashuka nyingine. Akaanza kuvuta breki ya mkono kwa kuiibia, kidogo kidogo, maana ukiivuta kwa pupa kwenye mwendo ule gari huzunguka kama pia. Mkia ukacheza kushoto, akaurudisha. Ukacheza kulia, akaurudisha.

Fundi hakupiga kelele. Alishika dashibodi kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inatembea.

Kona ikafika. Kishindo aliona kwamba akijaribu kuikata watapinduka, hivyo akaachana nayo. Akaelekeza pua ya gari kwenye kokoto na kukaza shingo.

Kokoto zilipiga tumbo la gari kama mvua ya mawe juu ya bati. Vumbi likafunika kioo, wakawa hawaoni mbele wala nyuma. Gari likavutwa, likayumba, likavutwa tena, likavuka kokoto zote na kutokea upande wa pili, kwenye kijia cha lami kinachopita kando ya ukuta. Hapo likasimama.

Injini ilikuwa bado inanguruma, kwa adabu sasa. Vumbi lilipotulia, Kishindo aliuona ukuta karibu na boneti, karibu kiasi cha kusoma tusi ambalo mtu aliwahi kulichora pale kwa mkaa. Hajawahi kufurahi kusoma tusi kama siku hiyo.

Kishindo akavua helmeti, akaiweka mapajani, akamgeukia mumewe.

"Ulijua nini?"

Fundi alikuwa anaangalia viganja vyake, vile viganja ambavyo mafuta ya breki yameviparua miaka yote ya ndoa yao.

"Upepo niliutia mimi," akasema.

Asiyejua mambo ya breki aelewe hivi. Ndani ya mirija ya breki panatakiwa mafuta matupu. Upepo ukiingia, pedali inalegea kama godoro la kukodi, na mbio zikipanda na joto likipanda, siku nyingine inakwisha kabisa. Kazi ya mfungaji wa breki, asubuhi mpaka jioni, ni kuutoa upepo huo. Asubuhi ile Fundi alifungua skrubu ndogo kwenye gurudumu la mbele la gari hili jekundu, akauingiza kwa makusudi, funda moja tu, kisha akafunga.

Kishindo hakuelewa. Au alielewa na moyo ukakataa. Akamwuliza kama alitaka wafe wote wawili.

Fundi akatikisa kichwa mpaka mkanda ukamkata shingoni. Akaeleza haraka, maneno yakikanyagana. Gari likifaulu leo, wageni walioko getini watalinunua na kulipeleka ng'ambo, na dereva wake atakwenda nalo mwaka mzima, kulionyesha mji hadi mji. Alimwambia mkewe nenda. Alilisema kwa mdomo wake mbele ya watoto. Hata sanduku la safari, lile lililokuwa na gurudumu bovu, alilitengeneza yeye, akalitia grisi, akalisukuma sebuleni kuonyesha linavyoteleza. Usiku akilala analiona lile sanduku linaondoka peke yake.

"Nilijua kona ya kwanza utaihisi pedali," akasema. "Utarudi getini. Wageni watachoka kungoja, wataondoka, yatakwisha. Wewe ni mtu wa kurudi, Mama Watoto. Ulirudisha gari kwa ajili ya kitana."

Hilo la kitana ni kweli. Kishindo aliwahi kurudisha gari zima kwa sababu mlango ulikuwa unalia tik tik. Mlango ukafunguliwa, ndani kikakutwa kitana cha mshona viti. Kiwanda kilicheka mwezi mzima na yeye hakucheka hata siku moja. Pedali ikilegea, rudi. Kitu kikilia, rudi. Ndiyo sheria ya madereva, na hakuna aliyeishika kama yeye.

"Nilingoja urudi, na kukiri nikaona haya. Kwani hukuihisi?" Fundi akauliza.

"Niliihisi."

"Lini?"

"Kona ya kwanza."

Fundi akamkodolea macho. "Sasa kwa nini hukurudi?"

Kishindo aliangalia nje dirishani.

"Gari likirudi kwa ajili ya breki mbele ya wageni, anayefukuzwa ni nani?" akasema. "Nilidhani umekosea, Baba Watoto. Tangu nikujue hujawahi kukosea. Nikasema leo nitakufichia."

Ndugu msomaji, ndoa ina maajabu yake. Huyu alilegeza breki ili mke arudi. Huyu alikataa kurudi ili mume asiumbuke. Na kati yao wawili nusura ukuta uwapatanishe.

Tusiwe wanafiki lakini. Kishindo hakuendelea kwa ajili ya mumewe peke yake. Alipotoka kona ya pili na kuona kipande kile kirefu kimelala mbele yake kitupu, injini ilimwita. Aliikanyaga, na gari likamsukuma mgongoni kama mkono wa mzazi anayekufundisha baiskeli, likapanda, likaimba, na kwa muda huo mfupi hapakuwa na mume, wala wageni, wala pedali laini. Palikuwa na yeye na nguvu ile, na furaha ambayo hajawahi kumweleza mtu akaeleweka. Ila Babu Breki. Yule mzee ndiye aliyemfundisha kuendesha, tangu Kishindo akiwa bado mchumba wa mwanawe, na ndiye aliyewanyamazisha mashangazi waliposema mke gani huyu wa kunuka mafuta. Aliwaambia harufu ya mafuta ndiyo iliyowalea wote waliokaa kwenye kile chumba. Tangu siku hiyo Kishindo alimwita baba bila kuongeza neno mkwe.

Sasa alimtazama mwana wa mzee huyo, na alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika mkono. Hakufanya lolote, kwa sababu pikapu ya uokozi ilikuwa imefika, inakohoa kama kawaida yake.

Wao wakatoka garini, na kwenye pikapu wakashuka watu wawili. Wa kwanza alikuwa mwenye bendera, ambaye kazi yake ni kusimama mwanzo wa kona kali na kitambaa chake chekundu. Wa pili alikuwa msimamizi wa majaribio, Bwana Haraka, mtu anayekula amesimama na kusalimia akiwa ameshapita. Aliwakagua kwa jicho kama wana mikono yote na miguu yote, akashukuru Mungu kwa kifupi, akaenda moja kwa moja kwenye swali.

"Pedali imelegea lini?"

Swali hilo lilikuwa na meno pande zote mbili. Dereva akisema ilikatika ghafla, basi kosa ni la mfungaji, na mfungaji wa breki aliyekosea mara moja hashiki spana tena kiwandani pale. Akisema ilikuwa laini tangu mwanzo, basi kosa ni lake aliyehisi na asirudi, na dereva wa hivyo hukalia kiti cha abiria mpaka anazeeka. Mmoja wao ilikuwa lazima arudi nyumbani bila kazi. Watoto wanalishwa na mishahara yote miwili, na mmoja haufiki mwisho wa mwezi.

Fundi akafungua mdomo. Kishindo akamkanyaga kidole cha mguu.

"Kuna mtu anaongea na mimi?" Bwana Haraka akauliza. "Mimi sina siku nzima. Getini wageni wananuna."

Kishindo alivuta pumzi. Alikuwa ameshaamua, na nyinyi mnaomjua tangu sura ya kwanza mmeshajua aliamua nini: kulibeba kosa yeye. Lakini hakuwahi kusema, kwa sababu upande wa pili wa kiwanda injini nyingine iliwaka.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya gari lake, ila si gari lake.

"Hilo ni jeusi," Bwana Haraka akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuridhika. Akaeleza kwamba kwa bahati njema magari yalitengenezwa mawili, yanafanana kila kitu, na wageni wamekubali kuliona la pili kabla hawajaondoka. Usukani amepewa Kiziwi.

Kiziwi anasikia vizuri tu. Wanamwita hivyo kwa sababu akishaingia garini huzima redio ili asiamrishwe na mtu. Miaka yote amekitamani kiti cha Kishindo, na leo kimemwangukia.

Kishindo alimwona mumewe anabadilika. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia midomoni.

"Nani amepanda naye?" Fundi akauliza. "Breki za jeusi nimefunga mimi. Na mimi niko huku."

"Ndilo hilo tulilokuwa tunalisema," Bwana Haraka akajibu. "Nikataka liende hivyo hivyo, mzee wako akakataa katakata. Akasema sheria yake haitavunjwa mbele ya wageni wakati yeye yu hai. Mikono ya mwanangu ni mikono yangu, amesema. Ameshuka jukwaani mwenyewe, akakataa hata kushikwa mkono."

Fundi akakaa chini, pale pale kwenye lami, kama mtu aliyekatwa kamba.

Kishindo alichuchumaa mbele yake. Alimwuliza kwa sauti ya chini, ingawa jibu alikuwa amekwisha kulisoma.

"Na hilo nalo?"

"Sikujua watakupa lipi," Fundi akasema. "Huwa wanachagua asubuhi ile ile. Nikatia yote mawili."

Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea. Aliinuka, akasimama mbele ya Bwana Haraka, akamwambia waziwazi, bila kujikuna, kwamba breki za magari yote mawili amezichezea yeye kwa mkono wake, kwamba mkewe hana hatia, na kwamba baba yake sasa hivi amekaa kwenye gari ambalo halitafika mwisho salama.

Bwana Haraka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alisimama bila kufanya kitu. Halafu akakamata redio. Aliita. Akaita tena. Redio ilikwaruza na kunyamaza. Kiziwi alikuwa ameshaizima.

Wote wanne wakatega sikio kuelekea kona ya kwanza. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lao. Kiziwi akifika pale atakanyaga breki kidogo, ataihisi pedali, atarudi. Dereva yeyote mwenye akili angerudi.

Injini ikapungua kwenye kona. Wakasubiri. Fundi alikuwa ameshika mkono wa mkewe bila kujua.

Injini ikapanda tena.

"Ameihisi," Kishindo akasema. "Ameihisi na hataki kurudi." Alimwelewa Kiziwi kuliko alivyopenda kumwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amepita njia hiyo hiyo muda si mrefu, na kisingizio chake kilikuwa kizuri zaidi, basi.

Mwenye bendera akachomoa kitambaa chake na kuanza kukimbilia barabarani. Kishindo akamkimbilia, akamnyang'anya. Yule bwana akashangaa, akasema bendera nyekundu ndiyo kazi yake, sasa asipoitumia leo ataitumia lini.

"Akiiona nyekundu atakanyaga breki kwa nguvu zake zote," Kishindo akamwambia. "Na atakanyagia hewa. Hapo ndipo ataogopa, na akiogopa kwenye mwendo ule amekwisha. Lazima apunguze kwa gia, pole pole, kabla hajaigusa pedali. Na lazima aambiwe na mtu anayemwona uso kwa uso."

Bwana Haraka akauliza ataambiwaje mtu aliye kwenye mbio zile.

"Kwa mkono. Madereva tuna ishara yetu. Nitakimbia ubavuni mwake."

"Kwa gari gani?"

Kishindo aliligeukia gari jekundu, lililokuwa bado linanguruma kando ya ukuta, pua imejaa vumbi, lisilo na breki hata ya dawa. Msimamizi alifuata macho yake na kuanza kusema hapana. Alilisema neno hilo mara nyingi, akimfuata nyuma, na Kishindo alikuwa ameshakaa, ameshavaa helmeti, ameshafunga mkanda.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi na mbaya. Angeurudia mwanzo wa kile kipande kirefu, kinyume na njia, ageuze kabla jeusi halijatoka kona ya pili, kisha aondoke nalo bega kwa bega. Akichelewa kugeuza, watakutana uso kwa uso, magari mawili yenye nguvu ya kung'oa mti, na yote mawili hayana breki.

Nje, Fundi alikuwa amesimama palepale alipoachwa, vumbi limemjaa magotini. Mtu aliyeharibu kitu na hajui aanzie wapi kukitengeneza hukaa hivyo.

Kishindo alijinyoosha akafungua mlango wa pembeni kutokea ndani.

Alikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba hatasahau. Kwamba habari ya kwenda ng'ambo alikuwa tayari kuijadili upya, kama tu mtu angemwambia usiende. Kwamba yule aliyeko kwenye gari jeusi ni baba wa wote wawili. Yote hayo aliyaweka kando.

"Aliyefunga hupanda," akasema. "Panda."

Fundi akapanda.

Gari jekundu likatoka kando ya ukuta, likashika lami, likageuzia pua upande ambao hakuna gari lililowahi kuelekea. Kishindo akakanyaga. Injini ikaitika kama haikuwahi kuwatisha, na barabara ikaanza kuvutwa chini yao. Fundi alikuwa ameshika breki ya mkono kwa mikono miwili, macho kwa mkewe, akisubiri kuambiwa vuta.

Walikuwa hawajafika hata nusu ya kile kipande pale gari jeusi lilipochomoza kwenye kona ya pili.

Lilikuwa limewahi. Lilikuwa limewahi sana, na lilikuwa linaongeza mwendo. Kishindo aliweza kuiona helmeti ya Kiziwi imeinama juu ya usukani. Kando yake, kwenye dirisha la pembeni, mkono wenye shati jeupe ulikuwa umetoka nje.

Babu Breki alikuwa ameliona gari la wanawe linakuja, na alikuwa anawapungia.